Kwa Nini Ni Vigumu Kutupa Mmea wa Ndani

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walichapisha matokeo yaliyoenea kwa kasi duniani: mimea ya nyanya na tumbaku iliyonyimwa maji au kukatwa shina ilikuwa ikitoa milio mifupi, kati ya 30 na 50 kwa saa, katika masafa ya juu mno kwa sikio la binadamu. Habari hiyo ilipopita mikononi mwa watu wengi ilifupishwa ikawa sentensi moja, kwamba mimea hulia ikiumia. Walioguswa zaidi na sentensi hiyo ni wale ambao tayari walikuwa na chungu kimoja pembeni mwa dirisha, chenye shina kavu na majani mawili ya manjano, ambacho wameazimia mara nyingi kukitoa na bado kipo.

Mazungumzo kuhusu chungu cha namna hiyo mara nyingi huishia pabaya. Mmoja husema ule ni mmea tu, utupwe na ununuliwe mwingine. Mwenzake hujibu kwamba ni kiumbe hai na kuutupa ni ukatili. Mwenye mmea hubaki katikati akiona aibu, ama kwa kuwa anahuzunikia majani, ama kwa kuwa anafikiria kuyatupa. Naona wote wawili wamemkosea, kwa sababu wanachanganya maswali mawili yanayopaswa kujibiwa mbalimbali: mmea wenyewe unahisi nini, na mtu anahisi nini kuhusu mmea. Swali la kwanza ni la biolojia na jibu lake ni fupi. La pili ni la saikolojia, nalo ndilo lenye mafundo.

Tuanze na maana za maneno. Mmea wa ndani ni mmea wowote unaooteshwa chunguni na kutunzwa ndani ya jengo. Mingi kati ya mimea hiyo asili yake ni misitu ya kitropiki, ambako ilizoea kuishi chini ya kivuli cha miti mirefu, na ndiyo maana inaweza kuvumilia mwanga hafifu wa chumba. Jambo la kushika hapa ni utegemezi: mmea wa porini hunyeshewa na mvua na kupeleka mizizi yake mbali, ilhali wa chunguni hupata kile tu unachopewa na mtu.

Mfungamano wa kihisia, nao, ni hali ambayo kitu au kiumbe kimepata nafasi katika maisha ya mtu kiasi kwamba kukiondoa kunamletea huzuni, hatia au wasiwasi, hata pale ambapo thamani yake ya fedha ni ndogo. Katika saikolojia dhana hii ilianza kwa maana finyu zaidi. Daktari Mwingereza John Bowlby, ambaye juzuu ya kwanza ya kazi yake kuu juu ya jambo hili ilitoka mwaka 1969, alizungumzia mtoto mchanga na mlezi wake, yaani mnyonge anayeshikamana na mwenye uwezo wa kumlinda. Kwa mmea wa ndani mambo yamegeuka, kwa sababu anayefungamana ni mlezi. Kinachomsumbua mtu anaposimama mbele ya chungu chake kinafanana zaidi na moyo wa kulea kuliko na uhitaji wa kulindwa, na tofauti hiyo ina uzito katika yote yanayofuata.

Je, mmea unaumia?

Mmea hauna ubongo wala mishipa ya fahamu. Una uwezo mkubwa wa kupokea taarifa kutoka mazingira yake, kama vile mwelekeo wa mwanga, mguso, ukavu wa udongo na meno ya mdudu, na hujibu taarifa hizo kwa njia za kemikali na umeme. Kifauwongo akiguswa hufunga majani yake kwa sababu maji hutoka ghafla katika seli zilizo kwenye shina la jani, na shinikizo lililokuwa likiyashikilia majani hupungua. Ni tendo la kustaajabisha, lakini halihitaji maumivu ili litokee. Vivyo hivyo ile milio ya mwaka 2023: maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba maji yanapopungua, viputo vya hewa hujitokeza na kupasuka ndani ya mirija inayopandisha maji kwenye shina. Watafiti wenyewe hawakudai kwamba walisikia kilio.

Imani kwamba mimea huhisi nia za watu ina historia yake. Mwaka 1966 Mmarekani Cleve Backster, mtaalamu wa mashine za kupima uongo, aliunganisha mashine yake kwenye jani la drasena na kudai kwamba mmea ulishtuka alipofikiria tu kulichoma. Madai hayo yalipendwa sana na umma, lakini wanasayansi waliorudia majaribio yake kwa udhibiti makini, wakachapisha matokeo yao mwaka 1975, hawakuona athari hiyo. Kwa ushahidi uliopo, basi, anayetoa mmea nje hautesi. Wengi wanaposikia hivyo hutarajia kwamba mzigo wao utatua hapo hapo, na hushangaa kuona bado wanasita. Hawana sababu ya kushangaa, kwa kuwa huzuni haikuwa ya mmea tangu mwanzo.

Mfungamano unatoka wapi?

Sehemu yake ya kwanza inatokana na jinsi akili ya binadamu inavyosoma mwendo. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara zikitembea huku na huku, kisha wakawaomba waeleze walichokiona. Karibu wote walisimulia kisa cha watu: mkubwa anayeonea, wawili wanaokimbia, mmoja anayejificha. Ikiwa maumbo matupu yanaweza kupewa nia na hofu, si ajabu mmea ukapewa zaidi, kwa kuwa mmea ni hai kweli, huinamia dirisha, hulegea ukiwa na kiu, na baadhi huinuka ndani ya saa chache baada ya kumwagiliwa. Mwinuko huo una nguvu ya pekee. Mtu ametenda jambo, na kiumbe kimejibu. Kiti hakijibu, na picha ukutani haijibu. Mmea umekaa mahali pagumu kati ya kitu na mnyama: una uhai wa kutosha kuamsha malezi, lakini hauna sauti wala macho ya kumwambia mlezi kwamba sasa inatosha.

Kwamba malezi yenyewe ndiyo yanayofunga, wala si kuwa na mmea tu, kunaonekana katika utafiti ambao Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha mwaka 1976. Katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Connecticut, Marekani, wakazi wa ghorofa moja waliambiwa kwamba wana wajibu juu ya maisha yao, wakapewa nafasi ya kuchagua mambo kadhaa, na kila mmoja akapewa mmea autunze mwenyewe. Wa ghorofa nyingine nao walipewa mimea, ila waliambiwa kwamba wauguzi wataimwagilia. Baada ya majuma machache wale wa kundi la kwanza walionekana kuwa wachangamfu na wenye shughuli zaidi. Haiwezekani kusema ni kiasi gani kilitokana na mmea na kiasi gani kilitokana na uhuru wa kuchagua, kwa kuwa vyote vilitolewa pamoja. Hata hivyo mimea ilikuwepo pande zote mbili, na utunzaji ulikuwa upande mmoja tu.

Sehemu ya pili ni kazi iliyowekwa. Mwanauchumi Richard Thaler alieleza mwaka 1980 tabia ya watu kukithamini zaidi kitu kwa sababu tu ni chao, na jaribio maarufu la mwaka 1990, alilolifanya pamoja na Daniel Kahneman na Jack Knetsch, lilionyesha kwamba waliopewa kikombe walidai takriban mara mbili ya bei ambayo wasio nacho walikuwa tayari kulipa. Mwaka 2012 Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely waliongeza kipande kingine: watu waliokunja maumbo ya karatasi kwa mikono yao waliyathamini karibu sawa na kazi za mabingwa, ingawa wengine waliona ni karatasi zilizokunjwa vibaya. Mmea unabeba vyote viwili, umiliki na jasho, tena jasho la miaka. Kwa hiyo mgeni anapoona kijiti chunguni na mwenye nyumba anaona kazi yake yote, wote wawili wanasema kweli kuhusu wanachokiona.

Hapa ndipo mtego unapojificha. Mtu aliyesubiri basi kwa saa nzima huona vigumu kuondoka kituoni, si kwa sababu ana dalili yoyote kwamba basi linakuja, bali kwa sababu akiondoka ile saa itakuwa imepotea. Saa hiyo imeshapotea akiondoka au akibaki. Hal Arkes na Catherine Blumer walionyesha mwaka 1985 jinsi gharama iliyokwisha kulipwa inavyowafanya watu waendelee na jambo lisilo na faida tena, na mmea unaooza mizizi hunufaika na kosa hilo hilo: miaka mitatu ya kuutunza hutumika kuwa sababu ya kuutunza mwaka wa nne, ingawa miaka hiyo haisemi lolote kuhusu hali ya mizizi leo.

Sehemu ya tatu ni kumbukumbu, nayo kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Mihaly Csikszentmihalyi na Eugene Rochberg-Halton, waliochapisha mwaka 1981 utafiti juu ya vitu ambavyo familia za eneo la Chicago zilivipenda zaidi majumbani mwao, walikuta mimea ikitajwa pamoja na picha, samani na vitabu. Mmea uliotoka kwa mama aliyefariki, au uliopokewa siku mtoto alipozaliwa, hubeba mtu au siku ile. Lakini unatofautiana na picha kwa jambo moja kubwa. Picha ikisahauliwa ndani ya droo mwaka mzima inabaki ilivyo, ilhali mmea ukisahauliwa majuma machache unaweza kufa. Anayeurithi hupokea kumbukumbu pamoja na zamu ya kuitunza, na mmea ukifa huona kwamba ameshindwa zamu hiyo na kumpoteza marehemu mara ya pili. Mtaalamu wa masuala ya msiba Kenneth Doka aliipa jina mwaka 1989 huzuni ambayo jamii haiitambui wala kuipa nafasi ya kuomboleza. Huzuni ya mmea uliorithiwa ni ya aina hiyo, na kumwambia mtu aliye ndani yake kwamba “ni mmea tu” ni kumfungia mlango.

Sehemu ya nne ni hatia. Watu wengi huchukua kifo cha mmea kuwa hukumu juu ya uwezo wao wa kulea, na huamini kwamba kuna waliozaliwa na mkono wa kuotesha na wasiozaliwa nao. Sababu za vifo vingi vya mimea ya ndani ni za kawaida mno kuweza kubeba hukumu hiyo. Mingi hufa kwa maji mengi, yaani kwa upendo uliozidi: udongo ukijaa maji wakati wote, nafasi za hewa huzibwa, mizizi hukosa oksijeni na kuanza kuoza, na kwa kuwa mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji, majani hunyauka kana kwamba yana kiu. Mlezi akiona hivyo huongeza maji. Mingine hufa kwa kuwekwa mbali na mwanga kuliko inavyoweza kuvumilia. Na ipo ambayo maisha yake yameumbwa hivyo: mkonge na jamaa zake wengi hutoa maua mara moja kisha hufa, na mimea mingi ya jamii ya mananasi inayopandwa kwa ajili ya urembo hufifia baada ya kuchanua huku ikiacha machipukizi ubavuni. Mtu asiyelijua hilo hujilaumu kwa kifo ambacho kilikuwa kimeandikwa ndani ya mbegu.

Sababu moja ambayo hutolewa mara kwa mara ya kubaki na mmea uliodhoofu ni kwamba unasafisha hewa. Imani hiyo ilikuzwa na utafiti wa shirika la NASA wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa. Chumba cha kuishi hakifanani na kisanduku hicho. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 na Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel yalikadiria kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi ambayo uingizaji hewa wa kawaida katika majengo hufanya tayari.

Kabla ya kuamua

Kwa kuwa sehemu hizo nne huja zimesokotwa pamoja, mwenye mmea hufaidika akiuliza ni ipi inayomshika zaidi, maana kila moja inadai jambo tofauti. Lakini kwanza ajue kama mmea umekufa kweli, kwa kuwa wapo wanaoomboleza mimea hai na wapo wanaomwagilia vijiti. Kwa mmea wenye shina gumu, kwaruza ganda kidogo kwa ukucha: rangi ya kijani na unyevu chini yake ni dalili ya uhai, na ukahawia mkavu ni dalili ya kifo cha sehemu hiyo. Anza juu, kisha shuka taratibu kuelekea udongoni, kwa sababu ncha hufa kabla ya shina. Halafu utoe mmea chunguni utazame mizizi. Iliyo hai huwa imara, mara nyingi ya rangi nyeupe au ya maziwa. Iliyooza huwa laini, ya kahawia iliyoiva au nyeusi, na hutoa harufu mbaya. Mimea yenye viazi au vitunguu chini ya udongo inahitaji subira zaidi, kwa kuwa baadhi hupoteza majani yote na kupumzika kwa miezi kabla ya kuchipua tena. Ikiwa kiazi bado ni kigumu kikibonyezwa, hakuna msiba.

Kwa yule anayeshikwa na kumbukumbu, biolojia inampa faraja ambayo hakuna picha wala samani inayoweza kuitoa. Kipande cha shina kikikatwa na kuotesha mizizi, mmea unaopatikana una vinasaba vile vile vya mmea ulioukata. Kwa maana halisi ni mmea ule ule ukiendelea. Bustani ya Kew jijini London ina mmea wa chunguni wa jamii ya saikadi uliofika hapo mwaka 1775 kutoka kusini mwa Afrika, na umebadilishiwa udongo na chungu zaidi ya mara moja bila mtu yeyote kudai kwamba si ule wa awali. Kwa hiyo anayechukua kipandikizi kutoka kwenye tawi la mwisho lenye afya na kutoa sehemu iliyooza hajauacha mmea wa mama yake. Mipaka ipo na ni vema kuijua mapema. Mimea mingi inayotambaa huhitaji kipande chenye kifundo, yaani sehemu ya shina ambapo jani huota, kwa sababu jani peke yake linaweza kutoa mizizi lisitoe chipukizi kamwe. Sansevieria yenye kingo za njano, ikioteshwa kwa kipande cha jani, hurudi kuwa ya kijani kitupu. Na mchikichi wa mapambo wenye shina moja hauwezi kuoteshwa kwa kipandikizi. Pale isipowezekana, kulikausha jani moja kati ya kurasa za kitabu au kuupiga picha mmea ungali na umbo lake kunatunza kile hasa kilichokuwa kikilindwa.

Anayeshikwa na kazi aliyoiweka anahitaji tarehe. Ajiulize swali moja: kama mmea huu, katika hali hii ya leo, ungekuwa wa mtu mwingine na ukatolewa bure, je, ningeuchukua? Jibu likiwa hapana, aupe muda uliotajwa wazi, tuseme majuma sita katika mwanga bora na maji kidogo, na akubali mapema dalili ipi itahesabika kuwa ni kupona. Chipukizi jipya linatosha. Jani la zamani ambalo bado halijaanguka halitoshi.

Hatia huhitaji kujua sababu ya kifo, na sababu hiyo kwa kawaida inaonekana kwenye mizizi na kwenye mahali chungu kilipowekwa. Na anayesita kwa kuwa mmea bado ni mzima lakini yeye hana tena nafasi, au moyo wake hauupendi, hana kosa lolote akimpa mtu mwingine, ilimradi aseme ukweli kama una wadudu.

Wapo wanaouliza kama kusita huku ni maradhi. Ugonjwa wa kulimbikiza vitu upo, na ulitambuliwa kuwa ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani mwaka 2013. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka katika orodha yake inayotumika tangu mwaka 2022. Unatambuliwa kwa ugumu wa kudumu wa kuachana na vitu bila kujali thamani yake, hadi vyumba vinashindwa kutumika kwa kazi yake na maisha ya mtu yanaharibika. Kuhuzunikia chungu kimoja, au hata kumi, hakufikii hapo. Ikiwa vitanda, njia na majiko yamefunikwa na vyungu na mtu anateseka kila anaposhauriwa kupunguza, huyo anastahili kupelekwa kwa mtaalamu kwa upole, na vyungu vyake visitupwe kwa siri akiwa hayupo, kwa sababu kufanya hivyo humvunja moyo na kumfanya asimwamini tena aliyetaka kumsaidia.

Uamuzi wa kuutoa ukishafikiwa, namna ya kuutoa ina madhara yake. Mmea uliokauka tu bila ugonjwa unafaa kukatwakatwa na kuingizwa kwenye mboji. Wenye vidung'ata, utitiri au mizizi iliyooza kwa ukungu ufungwe ndani ya mfuko na kutupwa pamoja na udongo wake, kwa kuwa udongo huo ukitumiwa tena utauambukiza mmea utakaofuata, na chungu kisuguliwe kwa sabuni kabla ya kupandwa kitu kingine. Mmea ulio hai usitupwe kamwe mtoni, ziwani au porini kwa nia ya kuupa nafasi nyingine ya kuishi. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini likibebwa na watu kwa uzuri wa maua yake, na leo limeziba maziwa na mito katika mabara kadhaa. Lantana nayo ilisambazwa kama ua la bustani kabla ya kuvamia malisho na misitu. Anayeuachia porini mmea wa kigeni kwa huruma huenda akaua mimea mingi iliyokuwa hapo kabla yake.